Nukta Hii ni ya Tarehe Gani?

Sheria ya Dodd-Frank ya Marekani, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 21 Julai 2010, huko Kivu, mashariki mwa Congo, huitwa kwa kifupi sheria ya Obama, na wengi wanaoitaja hivyo hawana nia ya kumsifu mtu. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazozitumia zimetoka Congo au nchi jirani. Wanunuzi wengi waliona ni nafuu kukimbia kuliko kueleza. Hayo yameandikwa mara nyingi. Kisichotajwa sana ni kwamba kifungu hichohicho kiliagiza ramani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipewa siku 180 ichore mahali palipo na madini yanayoshikiliwa na watu wenye silaha mashariki mwa Congo, iiweke hadharani, kisha iirekebishe angalau kila baada ya siku 180.

Walioandika siku 180 walikuwa na nia njema, ila Walikale, teritwari ya Kivu Kaskazini, hawakuijua.

Tuitazame Bisie, mlima wa huko Walikale. Mawe ya bati, yaani kasiterite, yalianza kuchimbwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani kabisa ya msitu, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kwa miguu kutoka Njingala. Wabebaji walishuka na mizigo ya kilo 50 mgongoni, safari ya siku mbili, kisha madini yakapelekwa Kilambo, ambako kipande cha barabara ndicho kilikuwa uwanja wa ndege, na kutoka hapo yakarushwa hadi Goma. Hadi 2009 mlima ulikuwa mikononi mwa Brigedi ya 85 ya Kanali Samy Matumo, wanamgambo wa Mai-Mai waliovaa sare ya jeshi bila kuungana nalo kikweli. Mwaka huo wakaja askari wengine wa serikali, wengi wao wakitokea kundi la waasi la CNDP. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011. Wakati huo wapiganaji wa Ntabo Ntaberi Sheka nao walikuwa wakiuzengea mlima na njia zake. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kibiashara hapohapo Bisie, na mwaka 2024 ikatoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Machi 2025 shughuli zikasimama waasi wa M23 walipoukaribia mji wa Walikale. Aprili zikaanza tena.

Kwenye ramani, yote hayo ni nukta moja. Longitudo haikubadilika, latitudo haikubadilika. Kilichobadilika ni bwana, na bwana ndiye aliyefanya watu wachore ramani.

Waliolielewa jambo hili mapema ni watafiti wa IPIS, taasisi ya Antwerp nchini Ubelgiji iliyoanzishwa mwaka 1981. Agosti 2009, karibu mwaka mzima kabla ya sheria ya Obama, walitoa ramani ya kubofya ya maeneo ya machimbo ya Kivu yaliyotekwa na wanajeshi na wanamgambo. Baadaye kazi ikakua: timu za nyanjani zilikwenda na maofisa wa Congo, wale wa daftari la madini na wale wa huduma ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, iliyoitwa SAESSCAM na leo ni SAEMAPE. Walifika shimoni na kuuliza maswali yaleyale kila mahali. Wachimbaji ni wangapi? Wanachimba nini? Nani ana bunduki hapa, anakuja kila siku au siku ya soko tu? Anachukua nini, pesa au mawe? Mzigo unauzwa wapi? Kwa miaka iliyofuata machimbo yaliyoorodheshwa yakapita 2,000, na kila ziara ikaandikwa tarehe yake. Mtu akibofya duara anapata majibu hayo, na kama mgodi ulitembelewa zaidi ya mara moja, ziara zote zimo.

Naona safu hiyo ya tarehe ina thamani kuliko rangi zote za ramani ile. Nitaeleza, lakini kwanza tuzungumze ufundi, maana watu wengi huko Goma na Bukavu, wa vyama vya ushirika, redio za jamii, parokia na mashirika, wanaamini kwamba kuweka ramani kwenye tovuti ni kazi ya wataalamu wa mbali. Si kweli tena.

Ramani ya tovuti si picha moja kubwa. Ni vigae vya mraba, pikseli 256 kwa 256, vinavyopangwa kando kwa kando kama sakafu ya sebule. Ukiitazama dunia nzima kwa mbali kabisa, kigae ni kimoja. Ukisogea hatua moja vinakuwa vinne, hatua inayofuata 16, na kila hatua huzidisha kwa nne. Hatua ya 15 ndipo vijia na vijumba vinaanza kuonekana, na hapo dunia imegawanyika vigae zaidi ya bilioni moja. Simu yako haipakui bilioni, inapakua vile vichache tu vinavyoenea kiooni. Karibu na ikweta, kigae kimoja cha hatua hiyo hufunika takriban kilomita 1.2 kila upande. Teritwari ya Masisi ina kilomita za mraba 4,734, na Walikale 23,475, nusura iifikie Rwanda nzima. Kwa hesabu hiyo Walikale peke yake ni vigae kama 15,700, na vingi kati yake ni kijani kitupu cha msitu.

Vigae hivyo hutoka bure kwa OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004, ilimradi uandike jina la wachangiaji wake pembeni ya ramani na usiwaelemee kwa maombi mengi kupita kiasi. Kifaa cha kuvionyesha kinachotumika sana ni Leaflet, programu huria aliyoitoa Volodymyr Agafonkin wa Kyiv, Ukraine, mwaka 2011. Ina uzito wa kilobaiti 42 hivi, chini ya picha moja ya harusi inayotumwa kwa WhatsApp. Mistari michache ya msimbo inatosha: ramani ianzie wapi, ianze kwa ukaribu gani, vigae vitoke wapi, nukta ziko wapi, na mtu akibofya asome nini. Kijana aliyewahi kutengeneza ukurasa wa tovuti ataimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Halafu ataona Masisi imehamia Ituri.

Hili linawapata karibu wote. Mji wa Masisi uko takriban digrii 1.4 kusini mwa ikweta na 28.8 mashariki. Kwenye kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Isahau alama hiyo, na nukta yako inaruka ikweta na kutua jirani na Mambasa, katika msitu wa Ituri. Ni msitu kama ule wa Walikale, kwa hiyo asiyekuwa mwenyeji hataona kosa. Ukibadilisha nafasi za tarakimu, ya mashariki ikatangulia, Masisi inaangukia jangwani Algeria. Na usimlaumu sana kijana: Leaflet inataka latitudo kwanza, wakati faili za GeoJSON, ambazo ndizo hutumika sana kubeba nukta, zinataka longitudo kwanza. Anayeacha nafasi wazi naye hupata zawadi yake, sufuri na sufuri, katikati ya bahari kwenye Ghuba ya Guinea. Dawa ni ya kizamani: kabla ya kuchapisha, mwite mtu aliyewahi kupanda moto, yaani pikipiki, kutoka Sake hadi Nyabiondo, umkalishe mbele ya kioo.

Mtu huyo atakusaidia na majina pia. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani pamoja na kundi la kibinadamu la OpenStreetMap walianzisha Missing Maps, ambapo watu wa kujitolea walioko mbali wanafuatisha paa na barabara kwenye picha za setilaiti. Kazi nzuri, lakini setilaiti haijui jina la kijiji. Paa la bati la Pinga na paa la bati la Mweso zinafanana kutoka angani. Jina hutoka kwa mwenyeji, na wenyeji wenyewe hawaandiki kwa namna moja: Kitshanga huandikwa pia Kitchanga, na kisanduku cha kutafutia kisichojua mambo hayo kitamjibu msomaji kwamba mji wa maelfu ya watu haupo. Mipaka nayo ina visa vyake. Kitshanga imekalia mpaka wa Masisi na Rutshuru. Pinga iko pale Walikale na Masisi zinapokutana. Kwa utawala Walikale ina sekta mbili, Bakano na Wanianga. Kwa wizara ya afya ina kanda nne, Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Ukichanganya takwimu za muuguzi na mipaka ya msimamizi wa teritwari, wagonjwa wa kijiji kimoja watahesabiwa kwenye kijiji cha jirani.

Turudi kwenye bunduki. Kuna njia mbili za kuzichora. Moja ni nukta, nyingine ni kupaka eneo zima rangi: hapa kundi fulani, pale kundi lingine. Gazeti lolote hupenda ya pili kwa sababu inajaza ukurasa. Mimi siipendi. Masisi si shamba lililogawanywa kwa kamba. Kundi lenye silaha linashika barabara, soko, kilima chenye mnara wa simu, na shimo lenye koltani, mawe ya tantali. Bonde lililo kati ya hivyo huenda lina kundi jingine usiku, jeshi asubuhi, na wenye mashamba mchana. Rangi iliyopakwa kutoka mto hadi mto inampa kamanda milki ambayo yeye mwenyewe hajathubutu kuidai.

Kivu Security Tracker, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Congo Research Group ya Chuo Kikuu cha New York pamoja na Human Rights Watch, ilishika njia ya tukio: mauaji, utekaji, mapigano, kila kimoja na mahali na siku yake. Ukiweka kichujio cha miezi mitatu unaona jambo moja, ukiweka cha miaka mitatu unaona jingine. Kabla yao, Wakenya walikuwa wameonyesha njia: Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia baada ya uchaguzi, wakati Ory Okolloh na wenzake walipowaomba wananchi watume walichokiona ili kiwekwe kwenye ramani. Novemba mwaka huohuo, Laurent Nkunda wa CNDP alipoikaribia Goma, programu ya Ushahidi ilifunguliwa kwa ajili ya mashariki mwa Congo. Mtu wa Nairobi mwenye simu iliyojaa chaji na mtu wa Masisi aliyelala porini hawatumi ujumbe kwa urahisi uleule, na ramani ya wananchi inaonyesha kwanza mahali penye mtandao. Patupu kwenye ramani ya namna hiyo huenda ndipo panapoungua.

Ramani ninayoipenda kuliko zote ni ya bariyeri. Mwaka 2017 IPIS, pamoja na Taasisi ya Denmark ya Mambo ya Kimataifa, ilichapisha utafiti wa Peer Schouten, Janvier Murairi na Saidi Kubuya juu ya vizuizi vya barabarani Kivu Kaskazini na Kusini. Walihesabu 798. Ni kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, mti uliolazwa juu ya mawe, au kijana na kiti chake, na kila kimoja ni duka. Anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye magunia ya viazi analipa, anayekwenda sokoni na kuku analipa, mbebaji wa kasiterite analipa zaidi. Kabla ya hapo wengi wetu tuliamini kwamba vita hula kutoka shimoni. Ramani ile ilionyesha kwamba vinakula njiani, na kwamba njia ya vyakula inalipa kama njia ya madini. Jedwali lenye mistari 798 lisingemfundisha mtu hilo. Zikipangwa kando ya barabara moja, nukta zinaonyesha haraka kwamba mkulima halipi kodi moja bali msururu wa kodi, na kwamba bei ya kiazi Goma inaanza kupanda mbali sana na Goma.

Kuna kodi zisizo na bariyeri pia, na hizo hazichoreki kirahisi. Huko Masisi na Rutshuru watu wanaijua lala salama, pesa ambayo kaya hulipa ili wenye silaha waiache ilale. Katika maeneo ya kundi la NDC-Rénové la Guidon Shimiray, kuelekea Pinga, mtu mzima alinunua jetoni ya mwezi ya faranga 1,000, na asiye nayo akikamatwa alijua kinachomngoja. Utaiweka wapi nukta ya kodi inayotembea nyumba kwa nyumba?

Hapo ndipo penye hatari, na waundaji wa ramani huisahau kwa sababu ya raha ya kuona nukta zikijipanga. Tarakimu nne baada ya desimali humfikisha mtu ndani ya mita 11. Hiyo ni nyumba. Tarakimu mbili ni kilomita moja na kidogo: kijiji. Moja ni kilomita 11: bonde. Mgodi wenye watu elfu mbili hauna siri, uweke kwa tarakimu zote utakazo. Lakini mama aliyetoa ushuhuda, mtoto aliyetoroka kwenye kundi, kituo cha afya kilichowapokea waliobakwa, hao waachiwe tarakimu moja, au wasionekane kabisa. Na haitoshi kuzificha tarakimu kwenye kioo tu. Faili la nukta hupakuliwa na yeyote anayejua kubofya mahali panapofaa, na picha zilizopigwa kwa simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigiwa hadi mtu azifute. Makamanda nao wana simu za kisasa, na baadhi ya wapiganaji wao wamesoma.

Sasa tarehe. Rubaya, huko Masisi, ilikuwa na machimbo ya koltani ambayo tume za uhakiki ziliwahi kuyapa rangi ya kijani, maana katika mfumo wa serikali ya Congo mgodi ni kijani, njano au nyekundu. Tarehe 30 Aprili 2024 M23 waliingia Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza baadaye kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya huko kodi ya angalau dola 800,000 kwa mwezi. Februari 2025 wizara ya madini ya Kinshasa ikayapa maeneo 38 ya Masisi na Kalehe rangi nyekundu kwa miezi sita. Kati ya Aprili 2024 na Februari 2025 ni miezi tisa, na nani alikuwa akitazama rangi gani katika muda huo? Mnunuzi wa Ulaya, ambaye tangu tarehe 1 Januari 2021 anabanwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu madini hayo, alihitaji kuona mambo mawili kwa pamoja: karatasi inasema nini, na shimoni kuna nani. Ramani nyingi huyachanganya katika rangi moja, kisha maelezo ya rangi yanafichwa kwenye kona ambayo simu haionyeshi.

Mji wa Walikale ulipita kwenye mtihani huohuo kwa kasi zaidi. M23 waliuingia tarehe 19 Machi 2025 na wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Ramani inayorekebishwa kila robo mwaka isingewaona kabisa, na iliyorekebishwa wiki ile na kuachwa ingeendelea kuwaonyesha pale hadi leo. Kwa hiyo nukta ya aina hii isomeke tarehe bila kubofywa, na ikichakaa ififie rangi yenyewe, mwezi hadi mwezi, mpaka mtu aende tena kuuliza. Ni mistari mitatu ya msimbo. Shida ni nauli ya moto na ruhusa za njiani za huyo anayekwenda kuuliza.

Wanaoishi ndani ya nukta, wengi hawajawahi kuziona. Megabaiti za mchimbaji wa Mubi zina kazi nyingine, na ramani hizo nyingi zinazungumza Kifaransa na Kiingereza. Kwa gharama ndogo sana, orodha ya maandishi kwa Kiswahili inaweza kukaa chini ya ramani: kijiji, siku, kilichoonekana, nani alisema. Orodha hiyo hufunguka hata kwenye simu dhaifu, na redio ya jamii inaweza kuisoma hewani ilivyo. Ramani ya teritwari moja inaweza pia kupakuliwa Goma mara moja na kutumika njiani bila mtandao, kama madereva wengi wa misaada wanavyofanya.

Jambo la mwisho ni kishawishi cha kufuta. Nukta ikipitwa na wakati, mkono unawasha kuiondoa ili ramani iwe safi. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, wapiganaji, wale wa Sheka wakiwemo, walishambulia vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwemo, na Umoja wa Mataifa ukahesabu waliobakwa 387. Sheka alijisalimisha mwaka 2017, kesi yake mbele ya mahakama ya kijeshi ya Goma ilianza 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha. Miaka kumi ilikuwa imepita. Baadhi ya wapiganaji wa wakati ule walikuwa wamehamia makundi mengine, au wamekufa. Mahakama ya namna hiyo haina haja na aliyeko Luvungi leo. Inauliza nani alikuwa Luvungi Ijumaa ile ya tarehe 30 Julai, na nani alikuwa kijiji kinachofuata siku mbili baadaye.